Mpaka Murshid Amimine Kahawa

Wapo wanaosema mimi ndiye niliyemuua Murshid, na kwamba nilimuua kwa kahawa. Maneno hayo yalianzia mtaa wa Qurum, yakapita nyumba kwa nyumba, yakanifikia mimi mtaani kwetu Darsait kabla hata matanga ya maskini yule hayajaanuliwa. Sikuyajibu. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake katika ukumbi wa kukodi, baridi ya mashine inaniingia mifupani, nawatazama wasichana waliovaa glovu nyeupe wakigawa kahawa kwa vikombe vya karatasi. Vikombe vya karatasi, katika msiba wa Murshid! Ukishakunywa unakitupa kwenye pipa, wala hapana mtu aliyesimama mbele yako kukungojea. Nilikishika changu mpaka kikapoa, kisha nikaondoka.

Basi nitasema mimi, maana nimemjua tangu yumo tumboni. Naitwa Khawla. Nimesomesha hesabu katika skuli za wasichana mpaka nikastaafu, na ukuta wa nyumba yangu ndio ukuta wa nyumba ya marehemu Bi Masouda, mama yake. Sote wawili tulikuja kutoka Unguja tungali wasichana, miaka ile ya mwanzo watu walipoanza kurudi Oman, tukaolewa, Mungu akatukutanisha ukuta mmoja. Tuligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili, na waume zetu wakisikia wanatoka nje.

Murshid alizaliwa na hali ya Down. Wakati ule hata jina lenyewe hatukulijua. Daktari alilisema kwa Kiingereza, nesi akalieleza kwa Kiarabu, na mama mkwe wa Masouda akalimalizia kwa Kiswahili: "Zezeta." Masouda alikuwa bado yumo kitandani. Akamtazama mama mkwe wake, mbele yetu sote, akasema, "Jina lake Murshid." Bibi yule hakulirudia lile lake, angalau si mbele ya Masouda.

Moyo wa mtoto ulikuwa na kasoro. Daktari alisema akijaaliwa sana atafika miaka kumi na tano. Tangu siku hiyo Masouda alikuwa na dua moja aliyoiomba kila baada ya sala, na mimi nilikuwa nikiisikia nikiwa nyuma yake. Alimwomba Mungu amchukue Murshid kabla yake, hata kwa siku moja. Mtu asiye na mtoto wa namna ile atasema mama gani huyo. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Masouda hakuwa akimwombea mwanawe kifo, alikuwa akimwombea asibaki.

Skuli hazikumtaka. Nikasema nitamsomesha mwenyewe, mimi mwalimu mzima, nitashindwaje na mtoto mmoja? Nikashindwa. Alihesabu moja, mbili, tatu, kisha akapiga makofi kwa furaha kama mtu aliyemaliza. Nilimpa mawe, nilimpa tende, nilimpa peremende. Tatu, halafu makofi. Mwisho nikamwambia Masouda, "Shoga, mwanao kasimama kwenye tatu." Akanijibu, "Na wewe uliyefika milioni umepata nini?"

Baba yake alikufa ghafla, Murshid akiwa na kama miaka kumi. Wanaume walikaa matanga kwenye sabla ya mtaa, ule ukumbi wetu wa mazulia mekundu, na kama ilivyo ada wafiwa walipangwa safu upande wa juu, ili kila anayeingia aanze kwao kutoa mkono wa pole. Bader, kaka yake Murshid, alikuwa kijana wa sekondari. Akakalishwa katika safu hiyo baina ya ami zake. Murshid hakuna aliyemkumbuka. Alisimama mlangoni, kanzu imemkaa upande, anawatazama watu wanavyomshika mkono ndugu yake. Mzee Mahfoudh, mtunzaji wa sabla, mtu mkali asiyependa kumwona mtu kasimama bure, akamtia finjani mikononi akamwambia, "Shika hizi, nifuate."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Mwaka ule ule Mahfoudh akamkabidhi na dele lenyewe, birika la shaba la kumiminia kahawa, na akamfunza kanuni. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Anzia kuliani. Mimina kidogo, simama mbele ya mtu mpaka anywe. Akikurudishia finjani kimya, mmiminie tena. Akiitikisa, katosheka, nenda kwa mwingine. Sisi tunayajua haya toka utotoni na tunayafanya nusu nusu. Murshid aliyafanya yote, kila siku, kwa kila mtu, waziri na fundi gereji. Nakumbuka mwalimu mmoja Mmisri aliyekuja kutoa pole, hajui habari ya kutikisa, akawa anarudisha finjani kwa adabu na Murshid anammiminia kwa adabu, mpaka yule bwana akaanza kutoka jasho na kunong'ona kwa jirani yake ataokoka vipi. Watu walijiuma midomo, maana msibani hapachekwi.

Alikuwa na kawaida zake pia, ambazo hakufunzwa na mtu. Akifika mlangoni, kabla hajagusa dele, aliuliza, "Nani kafa?" Ilikuwa lazima umtajie. Akilipata jina hulirudia polepole, ulimi wake mzito ukilitafuta, kisha huanza kazi. Na siku ya tatu, matanga yakianuliwa, aliziosha finjani mwenyewe, akazipindua juu ya sinia, akazifunika kitambaa. Hapo marehemu alikuwa amekufa kweli. Mzee Mahfoudh naye alipokufa, Murshid alimimina siku zote tatu bila kukosea, na mwezi baadaye, mtu aliposahau akauliza Mzee Mahfoudh yuko wapi atufungulie sabla, ni Murshid aliyejibu: "Hayupo. Tumemnywea kahawa." Nikasema moyoni, wapo wasomi wanaolia makaburini miaka ishirini na hawajafika alipofika huyu.

Wanawake tulikuwa tukikaa nyumbani kwa marehemu, na kahawa yetu ilitoka sabla. Nani wa kuileta ndani? Mwanamume haingii. Murshid aliingia. Alikuwa na ndevu zake na kipara kinaanza, lakini akipiga hodi hakuna aliyejitanda upya. Siku moja mgeni kutoka mtaa wa Madinat Sultan Qaboos alijifunika uso mzima akapiga ukelele, "Mwanamme huyu!" Bibi mmoja wa kwetu, wala hakugeuka, akamwambia, "Huyo Murshid. Kunywa kahawa yako." Yeye ndiye aliyekuwa akituletea habari za ng'ambo ile: fulani kaja, fulani analia, fulani kasinzia. Tulizipokea kama redio.

Na tulikuwa na mzaha wetu Darsait. Mtu akiugua sana akapona, tulimwambia, "Hujafa wewe, mtu hafi mpaka Murshid amimine kahawa." Tulilisema mbele yake. Alicheka na kuitikia kwa kichwa, nasi tukacheka naye. Tungejua kwamba yeye halioni kuwa ni mzaha, tungeziba midomo yetu.

Nitasema na hili, maana siku ya matanga yake walimsifu mpaka nikachoka. Ndiyo, alipendwa. Lakini tulimpenda msibani. Harusini hakualikwa. Walimwalika mara moja, hotelini huko Qurum, akaenda moja kwa moja kwa baba wa bwana harusi akamuuliza, "Nani kafa?" Basi ikawa mwisho. Siku za furaha alikaa nyumbani na mama yake wakitazama televisheni, na simu ikilia usiku au alfajiri Masouda alijua: wanamtaka Murshid. Alikuwa akimpigia pasi kanzu na kumfunga kilemba, huku akisema, "Nenda baba. Watu wako wamepata shida."

Miaka kumi na tano ikapita, ikapita tena, na tena. Murshid akawa mtu wa makamo. Masouda akazeeka, akapata sukari na presha, na ile dua akawa anaiomba kwa sauti zaidi. Mungu hakuijibu alivyotaka. Asubuhi moja ya baridi, Murshid kisha kwenda na basi katika kituo cha walemavu anakoshinda na wenziwe, Masouda alianguka jikoni. Nilimkuta mimi. Kabla ya adhuhuri alikuwa kisha kufa, na alasiri tulimzika.

Bader alikuwa mtu mkubwa serikalini wakati huo, na nyumba yake Qurum ina ukuta mrefu kuliko wa benki. Si mtu mbaya. Nayaandika haya nimekasirika naye, lakini si mtu mbaya. Aliagiza mtu akamchukue Murshid kule kituoni kwa gari na kumpeleka Qurum moja kwa moja, asipite Darsait. Usiku ule alitukusanya majirani wa karibu, macho yake mekundu, mkewe Hind pembeni yake.

"Murshid hatajua," akasema. "Daktari wake nimezungumza naye. Moyo wake hauwezi mshituko. Akiuliza, mama kasafiri, kenda Unguja kwa dada yake. Nakuombeni kwa Mungu, kila mtu aseme hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Bader mwanangu, huyo si mtoto mdogo. Huyo kazika mtaa mzima."

"Kamimina kahawa, Bi Khawla. Hakuzika."

"Kwake yeye ni kitu kimoja."

"Tutamwambia kidogo kidogo."

"Kifo husemwaje kidogo kidogo? Leo kafa mguu, kesho mkono?"

Hind akaingia kati, kwa upole, akaniambia, "Khalti Khawla, sisi ndio tutakaokaa naye. Kikimtokea kitu, nani atajibu? Tuachie." Nikawaachia. Mfiwa ndiye mwenye msiba, na mimi ni jirani tu, hata ukuta ukiwa mmoja.

Matanga ya Masouda yalikuwa makubwa, na kila aliyeingia aliuliza swali moja: Murshid yuko wapi? Wakajibiwa mgonjwa. Kahawa ya wanaume ilimiminwa na mfanyakazi wa mkahawa wa jirani, Mbengali wa watu, aliyejitahidi. Kahawa yetu aliifikisha mlangoni akaiweka chini, akagonga, akaondoka, maana yeye hakuweza kuvuka kizingiti. Tulilikuta dele limekaa sakafuni. Wanawake wakalitazama, wakaanza kulia upya, na mimi nikalia nao.

Qurum hakuna anayekwenda kwa miguu. Nyumba zimejifungia, barabara ni za magari, na bila ya gari wewe ni mfungwa mwenye bustani. Nilikodi teksi nikaenda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti, kavaa nguo nzuri za kununuliwa na Hind, ananuka manukato ya bei, na mashavu yamemwingia ndani. Kila gari likipita alisimama. Aliponiona alikuja mbio akanishika mkono, akatazama nyuma yangu ndani ya teksi, akauliza, "Mama?"

Nikasema, "Nimekuletea visheti, mwanangu." Hilo ndilo neno pekee la kweli nililoweza kulisema.

Hakuvitazama. "Mama kasirika," akasema.

"Kwa nini akasirike?"

Akaninyooshea vidole vyake vifupi, kimoja kina kovu dogo jipya. "Murshid mbaya. Finjani vunjika."

Ilinichukua muda kukumbuka. Nilipomkuta Masouda jikoni asubuhi ile, kulikuwa na vipande vya finjani kwenye kizoleo, vimefagiliwa vizuri. Murshid aliivunja kabla ya kupanda basi. Masouda hata hakuwa na habari nayo, ninavyomjua. Alikuwa akivunja vyombo mwenyewe tangu macho yalipofifia. Lakini mtoto wa watu alikuwa amekaa getini wiki zote zile anafanya hesabu yake: nilivunja finjani, mama akaenda Unguja akaniacha. Mwanamke huyo hakupata kulala hata usiku mmoja mwanawe hayupo, na leo wamemfanya mama aliyemtupa mwanawe kwa ajili ya kikombe. Ili kuulinda moyo! Niliporudi Darsait nilikuwa na hasira hata dereva wa teksi alizima redio bila kuambiwa.

Nikampigia Bader simu nikamweleza. Alisema atatafuta wakati wa kumwambia. Wakati haukupatikana. Ikaja Ramadhani, ikapita, ikaja sikukuu. Murshid akaacha kula ila kwa kulishwa. Kwetu Darsait walikufa watu wawili katika muda huo, na hatukuletewa Murshid, kwa kuwa Bader alichelea mtu atateleza ulimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huku kilichofichwa kilikuwa ni kifo chenyewe.

Jioni moja Bader akaja kwangu peke yake, akakaa kwenye ngazi ya nje kama alivyokuwa akikaa utotoni akifukuzwa na mama yake. Alikuwa ametoka makaburini. Siku hiyo alikata shauri, akamchukua Murshid mpaka kaburini kwa mama yao, akamwambia.

"Makaburi yetu unayajua, Bi Khawla. Jiwe na jiwe, hakuna jina. Nikamwonyesha. Nikamwambia mama yumo humu, mama kafa. Akalitazama jiwe, akanitazama mie." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Akanicheka. Kasema, Mwongo. Hakuna kahawa."

Nikakaa ngazini karibu naye.

"Nikamwambia kahawa ilikuwepo, watu walikuja wengi. Akasema, Murshid hakumimina. Mtu hafi. Kisha akataka turudi haraka getini, mama asije akafika asimkute."

Hapo ndipo niliposema, na hili ndilo ninaloshitakiwa nalo, kwa kuwa Murshid hakuishi sana baada yake. Nilisema, "Basi tumkalie mama yako tena, Murshid amimine."

Bader alinitazama kama nimepandwa na kichaa. Matanga hayarudiwi. Dini imeweka siku tatu kwa watu wote na eda kwa mjane, na baada ya hapo maisha yaendelee. Hata hivyo alikwenda kuwauliza wasimamizi wa sabla, na wakamkatalia, kwa haki yao. Aliporudi na jibu hilo nikamwambia, "Nani kataja matanga? Mie nnaalika watu kahawa, nyumbani kwangu. Au na kahawa nayo imeharamishwa?"

"Na moyo wake?"

"Sasa hivi unauona unaishi?"

Alimuuliza daktari. Daktari akasema moyo ule umechoka, utasimama leo au mwakani, kwa habari au bila habari, na uamuzi ni wa wenyewe. Hind alikataa mpaka mwisho, akasema hatakuja kushuhudia. Simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko.

Walikuja Alhamisi baada ya alasiri. Wanawake walikaa chumba cha ndani mlango wazi, wanaume wachache ukumbini, na kila mmoja alipofika mlangoni alisema kwa sauti, "Nimekuja kunywa kahawa tu," asije akaonekana kazusha jambo katika dini. Sebule ikajaa. Mtaa ulikuwa haujamwona Murshid tangu kufa kwa Masouda, na alipoingia, ameshikwa na ndugu yake, kanzu inampwaya kama ya kuazima, watu waliinamisha vichwa wasimtazame.

Nilikuwa nimelisugua dele lake mpaka likang'aa. Nililiweka pale pale angeliona. Aliliona. Akazitazama finjani, akatazama watu walivyokaa kimya, akatazama mazulia. Mgongo wake ukanyooka kidogo. Akauliza kama alivyouliza maisha yake yote:

"Nani kafa?"

Watu wote wakamtazama Bader. Nikaogopa, naapa niliogopa, nikamtazama Murshid kifuani kana kwamba ningeweza kuuona moyo wake.

"Mama," akasema Bader. "Mama yetu Masouda kafa."

Murshid akalirudia jina polepole. "Ma-sou-da." Akatia kichwa chini, akalichukua dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, akaanzia kuliani.

Alimzungukia kila mtu. Kahawa nyingine ilimwagika, lakini hakumruka mtu, na kila mtu aliitikisa finjani yake wazi wazi, ili asimchoshe. Akavuka kizingiti akaja kwetu. Alipomaliza upande wa wanawake alirudi ukumbini, akammiminia Bader mwisho, kisha akabaki amesimama katikati ya chumba na dele lake, kwa kuwa kazi imekwisha na hajui tena aende wapi. Siku zote ikifika hapo alikuwa akienda nyumbani kwa mama yake.

Akasema, "Tumemnywea kahawa Mama." Hakumwambia yeyote kati yetu.

Bader aliinuka. Akalichukua dele mikononi mwa ndugu yake, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya, akanipa mimi. Akamshika Murshid bega akamkalisha upande wa juu, penye safu, karibu naye. Na watu, bila kuambiwa, wakainuka mmoja mmoja wakaenda kumpa mkono. Wakaanzia kwake yeye. Alikuwa akiutazama kila mkono unaomshika, mdomo wazi, kama mtu anayepewa kitu asichoagiza.

Nami nikaenda mbele yake nikammiminia kahawa. Hajapata kumiminiwa na mtu msibani. Kabla hajaipokea akanivuta mtandio niiname, akaninong'oneza, "Finjani vunjika. Mama kasirika?"

"Hakukasirika, mwanangu. Hakwenda Unguja. Mama alikufa."

"Hakukasirika?"

"Hakukasirika kabisa. Alikufa tu."

Nikauona uso wake unalegea, na ilikuwa ni furaha. Nimeishi nikamwona mtu anafurahi kwa kuambiwa mama yake kafa, na siwasamehe waliomfikisha hapo, hata kama walifanya kwa mapenzi. Kisha furaha ikapita, na machozi yakaanza, bila sauti, yakateremka mpaka kwenye ndevu.

Akanywa. Akanirudishia finjani, kimya, mkono umenyooka. Nikammiminia. Akanywa tena akanirudishia. Nilimngojea aitikise, yeye aliyeishi miaka yote akitungojea sisi, lakini hakuitikisa. Bader akainuka akaenda jikoni kujaza dele la pili. Watu walikuwa wameanza kulia pande zote mbili za mlango, na finjani ikarudi tena mbele yangu, nami nikamimina.